Justus, Hukuwa Unakimbia

Justus, ndugu yangu,

Nimeanza barua hii mara tatu, na mara zote nimeandika "natumaini hujambo" kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni, halafu nikachana karatasi. Hujambo gani? Umelala kwenye kibanja cha marehemu baba yako, nyuma ya nyumba, na migomba waliyoikata ili jeneza lipite imeshachipua upya. Basi nisikudanganye kwa salamu. Nimekudanganya vya kutosha.

Nianze na maziko, maana wewe hukuyasikia yaliyosemwa. Mwinjilisti alisimama kwenye kichwa cha kaburi akasema, "Vijana wetu wanapenda mwendo kuliko uhai." Watu wakaitikia Amina. Jumapili iliyofuata akalirudia neno hilo kanisani, akakutaja kwa jina, ili vijana wengine wa bodaboda wajifunze kwako.

Kwako wewe, Justus! Wewe ambaye kijiweni Muleba walikuita Kobe. Wewe ambaye wenzako walikuwa wanawaambia abiria, "Ukipanda kwa Kobe, beba chakula cha njiani." Kina mama wajawazito walikuwa wanapita pikipiki tano zilizo tayari, wanakaa kwenye gogo kukungoja wewe. Wazee wenye miguu mibovu walikuwa na namba yako ya simu na hawakuwa na ya mtu mwingine. Unakumbuka tulipokwenda harusini Izimbya, cheni ikakatika, na hata baada ya kuiunga ukaendesha taratibu mpaka tukakuta watu wanaosha vyombo? Bwana harusi alitucheka akasema hakujua kama tulikuja kwa miguu. Ndiwe uliyezikwa kwa jina la mkimbiaji.

Nami nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa yule mwinjilisti, na nilijua hukuwa unakimbia. Zaidi ya hapo, nilikuwa nimeshaanza kuhisi kilichokuua. Nikafunga mdomo. Nikachukua sepetu nikasaidia kufukia.

Sasa nikueleze yote kwa mpangilio, hata yale unayoyajua.

Ulileta pikipiki gereji siku ya Jumatatu. Ulisema, "Erasto, nikikanyaga breki inalia kama mbuzi." Nikafungua magurudumu yote mawili, brekishuu zinazobana gurudumu zilikuwa zimelika mpaka karibu na chuma, mbele na nyuma. Kesho yake nikapanda basi kwenda Bukoba, moja kwa moja dukani kwa Mzee Dinesh, kule tulikonunua spea tangu tulipoanza kushika spana. Unalijua duka lile lilivyo siku hizi. Rafu nusu tupu, yeye peke yake kaunta, watoto wote wako nje ya nchi. Akanitazama juu ya miwani akasema, "Hizo zimekwisha. Mzigo unaingia Ijumaa. Ngoja Ijumaa."

Nikakupigia simu nikiwa barazani kwake. Na wewe, Kobe, ulisema nini? "Sawa, tungoje Ijumaa. Nitakaa nyumbani, kahawa yenyewe imeshikwa na magugu."

Mimi nikakujibu, "Acha uvivu wewe. Nisafiri mpaka Bukoba nirudi mikono mitupu?"

Ukacheka. Ukasema, "Haya. Wewe ndiye fundi."

Nimelirudia hilo neno kichwani mpaka limenichubua. Hukunisukuma. Hukuwa na haraka. Haraka ilikuwa yangu, na haikuwa hata haraka ya maana. Ilikuwa ubishi tu wa mtu asiyependa kurudi bila alichokifuata.

Nikavuka nikaenda duka jipya karibu na soko. Kijana wa pale alinitolea boksi bila kuinua macho kwenye simu yake. Boksi zuri, lenye nembo inayong'aa. Nilifungua nikiwa ndani ya basi. Unakumbuka Mzee Dinesh alivyotufundisha tulipokuwa wanagenzi? "Usisome boksi. Kwaruza." Unaweka ukucha pale utando mgumu ulipogandishwa kwenye chuma, unakwaruza. Nikakwaruza. Ukatoka ungaunga mweusi, na harufu ya gundi ikanijia puani. Nikakifuta kidole kwenye suruali, nikafunga boksi, nikatazama dirishani mpaka Muleba. Ndivyo ilivyokuwa, Justus. Nilijua tangu kwenye basi. Nilijiambia nimekwaruza kwa nguvu mno. Nilijiambia wengi wanazitumia.

Jumatano nikazifunga. Ulikaa juu ya debe unatafuna mahindi ya kuchoma, unanisimulia jinsi dada yako mdogo Koku alivyoanza kukushinda kona kwenye uwanja wa shule, kwamba umemfundisha kuendesha na sasa anakusahihisha. Nilipomaliza ukazunguka uwanja wa gereji, ukakanyaga, pikipiki ikasimama. Ukasema, "Inashika. Mungu aibariki mikono yako."

Jumamosi ulimbeba Ma Pelagia kutoka Kishanda, na mikungu yake miwili ya ndizi nyuma. Mimi nilikuwa nakaza cheni ya mtu simu ilipoita. Nilipofika kwenye ule mteremko wa mikaratusi nilikuta ndizi zimetapakaa barabarani, watu wamejaa, wewe umefunikwa kanga ya mtu. Ma Pelagia alikuwa ameshapelekwa hospitali. Kila mtu alikuwa na neno moja tu mdomoni, kasi, kasi, kasi. Likaandikwa hivyo hivyo, mwendo kasi. Hakuna hata mmoja aliyeinama akatazama gurudumu.

Siku ya tatu baada ya kukuzika nilimwomba Koku anionyeshe pikipiki, eti nione kama inatengenezeka. Walikuwa wameiegesha nyuma ya jiko. Nikafungua gurudumu la nyuma. Utando wote ulikuwa umebanduka kwenye chuma, umevunjikavunjika, vipande vimejaa ndani ya habu, katikati ya gurudumu, kama vigae. Chuma kimebaki kitupu kinameta. Nikafungua la mbele, utando wake ulikuwa umepasuka kwa urefu.  Nikavikusanya vile vipande kwenye leso, nikarudisha magurudumu, nikakaza nati sawasawa kana kwamba kuna mtu angeipanda. Koku akaniuliza, "Kaka, inatengenezeka?" Nikamwambia imeharibika sana. Nilipofika nyumbani nikalichoma boksi.

Halafu nikanyamaza wiki sita.

Wiki sita nilikuwa nafungua gereji asubuhi, nafunga jioni. Mke wangu akiniuliza, namfokea. Na nisikufiche, nilikukasirikia wewe pia. Nilikuwa nainama kwenye injini ya mtu nakutukana kimoyomoyo. Na wewe si ulifundishwa kukwaruza? Na wewe si una kucha? Kwa nini ulikaa kwenye debe unatafuna mahindi? Kwa nini uliniamini kama mtoto? Mtu aliyekufa hajibu, ndiyo maana ni rahisi kumtukana.

Ma Pelagia akatoka hospitali. Alikuja gereji akitembelea gongo, mguu umekakamaa, ameletwa na mpwa wake. Akakaa kwenye lile debe, sikuweza kumzuia. Akasema, "Mawe, mama yangu wee! Erasto, nimechoka kusikia wanavyomsema yule mtoto. Tulipoanza kuteremka alikanyaga breki, nikasikia kitu kimekatika huko chini kama ukuni mkavu. Akaniambia, 'Mama, breki hazipo. Nikisema ruka, ruka upande wa majani.' Hakupiga kelele. Alisema kama anayeniuliza habari za nyumbani."

Akaeleza ulivyoshusha gia mpaka ya kwanza, injini ikalia. Ulivyojaribu kuukwangua ukingo wa barabara kwa mguu. Akasema kule chini kwenye kona watu walikuwa wanatoka gulioni, barabara imejaa, wanawake wana mizigo kichwani na watoto mgongoni. "Akasema ruka, nikaruka. Yeye hakuruka. Aliishika ile pikipiki akaipeleka kwenye mti."

Niliacha nilichokuwa nafanya. Hilo sikuwa nalijua, Justus. Nilikuwa najua kilichokuua. Sikujua ulichokuwa unakifanya wakati unakufa.

Ma Pelagia aliwaeleza watu akiwa kitandani, wakasema ni maumivu yanamchanganya. Sasa akanitazama. "Wewe ndiye fundi wake. Breki zinakatikaje?"

Nikasema, "Sijui, Mama."

Akaomba ashikwe mkono, akaondoka. Aligeuka mara moja tu. Nadhani alijua.

Kesho yake nikaenda kwenu na ile leso mfukoni. Mama yako alinipokea kama siku zote. "Erasto, mwanangu, umepotea." Akatandika mkeka, akaniletea kisahani cha kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribisha mgeni. Nikakifungua kifundo cha leso palepale kando ya kisahani.

"Hiki ni nini?"

"Breki za Justus, Mama."

Nikamweleza Mzee Dinesh, Ijumaa, duka jipya, wewe ulivyosema utakaa nyumbani upalilie.  Nilipomaliza akauliza, "Ulijua lini?"

Nikasema, "Nilipofungua gurudumu. Siku ya tatu." Halafu nikaona macho yake. Nikasema, "Hapana, Mama. Nilijua kwenye basi, kabla sijazifunga."

Alichukua kisahani cha kahawa. Hakukitupa. Alizimimina punje zote kwenye kopo lake, taratibu, akalifunika.

"Ulikula msibani kwangu," akasema. "Nilikuwekea ndizi kwa mkono wangu huu, ukala, wakati wanamwita mwanangu mkimbiaji. Ukala ukashiba."

Nikaanza kulia. Akasema, "Usinililie hapa. Nenda kalie kwenu. Jumapili utasimama mbele ya wale wale waliosikia, uwaambie."

Jumapili nilisimama. Baada ya ibada, pale nje, mnada wa sadaka ulipokwisha na jogoo wa mwisho kupata mwenyewe, nikapanda kwenye ngazi za kanisa. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi, yakakauka. Nilisema tu, "Justus hakuwa anakimbia. Nilimfungia breki mbovu nikijua si nzuri. Zilibanduka. Ma Pelagia yuko hai kwa sababu Justus alimwambia aruke. Na nyinyi mliokuwa mnatoka gulioni siku ile, mko hai kwa sababu yeye hakuruka." Ma Pelagia alikuwa kwenye benchi. Akainua gongo lake juu akasema kwa sauti, "Ni kweli! Nilisema hamkusikia!"

 Kuna mama aliyekaa chini akamvuta mwanawe kifuani. Kuna mwanaume nyuma akasema, "Kumbe muuaji ni fundi."  Angalau alikuwa ameacha kusema ni wewe.

Mwinjilisti alinifuata kando. Nilidhani atanishika mkono. Akasema, "Ndugu Erasto, ungenipigia simu kwanza, tukalipanga." Nikamuuliza kupanga nini. Akasema mambo kama haya yana utaratibu wake. Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la mbele nikimngoja aseme, alisoma matangazo yote, mpaka ya kikundi cha kina mama, wewe hakukutaja. Hajakutaja mpaka leo. Kukushutumu hakukuhitaji utaratibu. Kukusafisha ndiko kunakohitaji.

Nilirudi Bukoba. Yule kijana wa duka jipya, nilivimwaga vile vipande kaunta kwake. Akavitazama kwa adabu kabisa, akanisogezea hata kiti. "Pole sana, kaka. Lakini mimi nauza boksi lililofungwa. Ukishalifungua ukaona halifai, si ungerudisha?" Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Maboksi yale yale yenye nembo inayong'aa yalikuwa nyuma yake kwenye rafu. Nilikwenda ofisi niliyoelekezwa kulalamika, wakaniomba risiti na boksi. Risiti sikuichukua. Boksi unajua nililifanyaje.

Nikapita kwa Mzee Dinesh, nikamweleza. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Sikutegemea lawama kwake, na hakunipa. Alisema tu, "Ule mzigo ulifika Ijumaa. Saa tatu asubuhi." Akarudisha miwani akaendelea kupanga plagi.

Saa tatu asubuhi, Justus. Ungekuwa shambani unapalilia kahawa.

Wateja wengi wamenikimbia, na siwalaumu. Lakini wale wenzako wa kijiweni walianza kuja mmoja mmoja, kwa aibu aibu, wanasema, "Erasto, hebu nifungulie nione." Nafungua mbele yao, nakwaruza mbele yao. Nimekuta nyingine kama zako. Mmoja aliposhika mkononi utando uliobanduka, alitoka nje akaenda kukaa peke yake. Yule aliyekuwa anakutania chakula cha njiani. Sasa naye anaendesha polepole na hakuna anayemcheka.

Miezi kadhaa iliyopita Koku alikuja, yeye na binamu yenu, wanaisukuma pikipiki yako. Usukani umepinda, taa imevunjika, nyasi zimeota kwenye spoku. Koku amemaliza chuo na kazi hakuna, anataka kubeba abiria. Hakunisalimu. Alisema, "Mama amesema uitengeneze. Ukimaliza, uilete mwenyewe."

Niliinyoosha. Nilibadilisha uma wa mbele, waya zote, taa, cheni. Brekishuu nilizingoja kwa Mzee Dinesh, nikangoja Ijumaa moja zikakosekana, nikangoja nyingine. Zilipokuja nilizikwaruza mpaka ukucha ukatoka damu.

Jumamosi nikaipeleka. Mama yako alikuwa amekaa mlangoni, amevaa viatu vya kanisani, amejifunga kanga kiunoni. Akasema, "Tunakwenda pale. Wewe endesha. Mimi nakaa nyuma."

Nikasema, "Mama, niteremke peke yangu kwanza."

"Mwanangu ulimtangulia kuteremka? Panda."

Akapanda. Hakunishika. Alishika keria kwa mikono yote miwili, nikausikia uzito wake nyuma yangu, uzito wa mtu asiyetaka hata nguo yake iniguse. Pale juu ya mteremko nilikanyaga mara mbili, ikashika. Nikaanza kushuka. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu, Justus, na nilikuwa naendesha polepole kuliko wewe. Nilikuwa nahesabu mikaratusi. Tulipofika kwenye ule wenye jeraha kwenye gome akasema, "Simama." Nikasimama.

Alishuka. Alikwenda akaweka kiganja kwenye lile jeraha la mti, akakaa hivyo, mgongo kwangu. Sikusogea. Watu wawili walipita na baiskeli wakapunguza mwendo, wakatusalimu kwa sauti ya chini. Kisha akarudi, akainama, akagusa habu ya gurudumu la nyuma, akautoa mkono haraka.

"Ina moto."

"Breki zikishika hupata moto, Mama."

"Kwa hiyo zimeshika."

"Zimeshika."

 Nilingoja. Nilikuwa na tamaa, nikiri kwako, nilidhani sasa atasema neno. Badala yake akamwita Koku, aliyekuwa anatungoja chini kwenye kona. Koku akapanda mteremko kwa miguu, akafika anahema. Mama yako akasema, "Mpe ufunguo." Nikampa. Koku akapanda, akapiga stata, mama yako akakaa nyuma yake, na safari hii akamshika mtoto wake kiunoni, kwa nguvu, na shavu akaliegemeza mgongoni. Wakaenda. Mimi nikabaki pale, nikapanda ule mlima kwa miguu mpaka nyumbani.

Hajanisamehe. Nikimsalimu ananiitikia huku anatazama pengine. Sijamwomba msamaha tena, kwa sababu nadhani kumwomba kila siku ni kumtwisha kazi nyingine. Kopo la kahawa naliona juu ya kabati ninapopita mlangoni kumsalimia, na halifunguliwi. Na wewe pia sikuombi. Ungenisamehe haraka mno, nakujua, ungecheka, ungesema mimi ndiye fundi, na mimi nisingestahimili kulisikia tena.

Koku anabeba abiria sasa. Anaendesha vizuri, ana kiburi kidogo kwenye kona kama ulivyosema. Kina mama wa kliniki wameanza kumngoja. Ma Pelagia alikuwa abiria wake wa kwanza, alikataa katakata mtu mwingine atangulie. Kila baada ya wiki mbili Koku anasimamisha pikipiki mbele ya gereji yangu, nami nafungua magurudumu. Juzi kwa mara ya kwanza aliinama, akachukua brekishuu mkononi mwangu, akakwaruza mwenyewe. Akautazama ukucha wake. Akanirudishia.

Nakuaga hapa, Justus. Karatasi hii nitamwomba Koku aiweke kaburini, akikataa nitaihifadhi mwenyewe. Nakuahidi jambo moja lililo ndani ya uwezo wangu: hakuna kitu nitakachomfungia dada yako akashuka nacho mlima kabla mimi sijashuka nacho. Na siku nitakapoona mikono yangu imeanza haraka tena, nitafunga gereji, niende nikapalilie kahawa ya mama yako, anitake asinitake.

Pumzika, ndugu yangu.

Erasto